Manjano ya Saa Tatu

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Usicheke, kwa sababu hilo ndilo neno la mwisho ambalo kila mteja alilisikia kabla kamera haijalia. Picha za vitambulisho, za pasipoti, za fomu za kazi: kote huko serikali haitaki kuona meno ya mtu, na yeye alikuwa amewafungisha watu midomo kwa miaka ishirini na miwili. Ajabu ni kwamba mwenyewe alikuwa mcheshi. Lakini mtu akishajulikana kwa neno moja ndiyo basi tena. Hata alipopiga mzaha, watu walimtazama kwanza waone kama ruhusa ya kucheka imetoka.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja kisicho na dirisha, mlango mmoja unaotazama barabara. Ndani mlikuwa na stuli, stendi ya kamera, kompyuta yenye feni inayokoroma, printa, na msumari ulioning'iniza koti jeusi moja na tai moja iliyokwisha kufungwa. Koti lile lilikuwa limevaliwa na mtaa mzima. Mwalimu mkuu, dereva wa lori, mhubiri, na jamaa mmoja ambaye baadaye alitafutwa kwa wizi wa nyaya, wote wako kwenye mafaili ya serikali ndani ya koti hilo hilo, na kama kuna karani aliyewahi kulishtukia, basi alinyamaza.

Lakini alichojivunia Usicheke si koti. Ni mwanga. Flashi aliidharau waziwazi. "Flashi ni ya wavivu," alisema, "inamkausha mtu uso." Yeye alimkalisha mteja hatua tatu kutoka mlangoni, akamgeuza kidevu kwa kidole kimoja, akasubiri. Na kweli, mwanga ulioingia pale asubuhi ulikuwa laini, mweupe, unaotuliza makunyanzi, na watu walitoka mitaa ya mbali kuja kupigwa picha na Usicheke. Alipoulizwa siri yake alitikisa kichwa na kusema kwamba mwanga haufundishwi, mtu anazaliwa nao.

Siri yenyewe ilikuwa ng'ambo ya barabara. Ukuta wa duka la dawa ulikuwa umepakwa chokaa nyeupe, na jua la asubuhi likiupiga, ukuta uliurudisha mwanga ule moja kwa moja kwenye mlango wa studio. Kwa maneno mengine, miaka ishirini na miwili bwana huyu alikuwa akitumia taa ya jirani bila kujua na bila kusema asante.

Kulikuwa na jambo jingine dogo. Siku aliyoinunua kamera yake ya sasa, alipiga picha ya sahani nyeupe, akazungusha kitufe cha rangi mpaka sahani ikatoka nyeupe kweli kweli, kisha akabandika selotepu juu ya kitufe ili mtu asije akakichezea. Kitabu cha maelekezo alikipeleka nyumbani, akakiweka juu ya kabati bila kukifungua. Kitabu cha nini, kwa mtu aliyezaliwa na mwanga?

Mvua za mwaka ule zilipokwisha, ukuta wa duka la dawa ulikuwa umebambuka. Mwenye duka, mtu wa miwani na maneno matamu, alivuka barabara kuja kuomba ushauri.

"Jirani, wewe ndiye mtu wa mwanga. Nipake rangi gani ionekane kutoka mbali?"

Usicheke alikunja mikono, akaupima ukuta kwa jicho moja, akafikiri kama daktari bingwa. "Manjano," alisema. "Manjano iliyokolea. Kama kiini cha yai."

Ikapakwa. Ikapendeza. Na asubuhi iliyofuata, saa tatu, jua lilipoupiga ukuta mpya, mwanga uliingia studio kama kawaida yake, ila safari hii uliingia na rangi.

Wa kwanza kukaa kwenye stuli alikuwa fundi baiskeli. Usicheke alipomtazama kwenye kompyuta alikunja uso. Mashavu ya fundi yalikuwa ya manjano. Akayakuza macho: weupe wa macho nao ulikuwa manjano. Mtu mwingine angejiuliza habari za kamera. Usicheke hakuwa mtu mwingine. Yeye alikuwa amekaa mara nyingi kwenye benchi la zahanati akisubiri foleni, na ukutani pale kulikuwa na bango kubwa la ugonjwa wa ini, lenye mtu mwenye macho kama yale yale.

Na ukuta wa nyuma ya fundi, je, haukuwa na manjano? Ulikuwa nayo. Lakini picha za vitambulisho hukatwa. Kompyuta humtoa mtu alipokaa na kumbandika kwenye weupe safi. Kila asubuhi Usicheke aliukata ushahidi wote kwa mkono wake na kuutupa. Shati nalo lilifunikwa na koti jeusi, ikabaki kola tu, na kola ikiwa ya manjano aliilaumu sabuni.

"Ndugu yangu," alimwambia fundi kwa sauti ya chini, "siku hizi unajisikia uchovu?"

Fundi alikuwa amebeba na kufungua baiskeli tangu alfajiri. "Sana," alisema.

"Usingizi?"

"Wa mang'amung'amu."

"Basi vuka hapo ng'ambo. Waambie ini."

Fundi alivuka. Akauziwa chupa ya dawa chungu ya kusafisha ini, akainywa siku nne, siku ya tano akaja kupiga picha nyingine. Alikuja alasiri, baada ya kazi, wakati jua limeshahamia upande wa pili na ukuta wa duka la dawa umo kivulini. Picha ikatoka safi. Uso wa fundi ulikuwa wa fundi. Usicheke alimshika mkono kwa mikono miwili, na machozi yakamlengalenga.

Kuanzia hapo hakukuwa na wa kumshika. Waliokuja asubuhi walikuwa wagonjwa, wakatumwa ng'ambo, wakarudi alasiri wamepona. Mwalimu wa hesabu alipona. Mama wa nyumba ya kona alipona, pamoja na mumewe, aliyekuja kumsindikiza tu. Mwezi wa pili watu wasiohitaji picha walianza kukaa kwenye stuli. "Nipige nijue hali yangu," walisema. Mwenye duka la dawa, kwa shukrani, alimletea Usicheke kikombe cha chai kila siku saa nne, na chai ile aliinywa amekaa mlangoni, uso ameuelekeza kwenye ukuta wa manjano, akiusifu moyoni kwamba rangi hii kweli nilichagua.

Sasa tuje nyumbani kwake. Mkewe alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na cherehani ilikuwa sebuleni, kwa hiyo sebule ilikuwa ya cherehani na wengine walipita pembeni. Walikuwa wameoana miaka kumi na minane. Hawakugombana. Waliishi kama wafanyakazi wawili wa zamu, mmoja akiingia mwingine akitoka. Mazungumzo yao yalikuwa "chumvi imekwisha" na "nimesikia." Mke ndiye aliyeamka kwanza, akateka maji bombani, akapiga deki, akawasha jiko, akakaa kwenye cherehani; mume ndiye aliyeamka wa pili akakuta mambo yote yamekaa sawa, kama vile yalijipanga yenyewe. Binti yao wa pekee, wa darasa la sita, aliuliza maswali kuanzia anapofumbua macho mpaka anapolala, na kwa kawaida alijibiwa na cherehani.

Siku moja asubuhi mke alikuja studio. Kikundi cha mafundi cherehani kilikuwa kinatengeneza vitambulisho na kila mwanachama alitakiwa picha. Alivua kanga ya kichwani, akalikataa koti la mtaa mzima, akakaa wima na gauni lake.

"Usicheke," alisema mumewe, kwa mazoea.

"Nicheke na nani?" alisema mkewe.

Kamera ikalia. Usicheke akageukia kompyuta, akaisogelea. Uso ule alioutazama miaka kumi na minane bila kuuona ulikuwa wa manjano, mashavu, paji, mpaka weupe wa macho.

Niseme wazi: aliogopa. Huyu hakuwa fundi baiskeli wa kutumwa ng'ambo kwa maneno mawili. Mama yake Usicheke alikufa yeye akiwa na umri wa miaka kumi, na wiki za mwisho macho yake yalikuwa na rangi hiyo, na nyumba nzima ilikuwa ikisema ni uchovu tu, atapumzika. Akaikumbuka ile harufu ya chumba. Akakumbuka alivyotumwa akacheze nje.

"Vipi, imetoka?" mkewe aliuliza.

"Printa imegoma," alisema. "Nenda tu. Nitaileta."

Aliichapa picha ile baada ya mkewe kuondoka, akaificha nyumbani, ndani ya kile kitabu cha maelekezo ya kamera juu ya kabati, kwa kuwa alikuwa na uhakika kwamba hakuna mtu duniani angekifungua.

Hakumwambia. Kumpeleka hospitali aliogopa, maana hospitali ingemwambia kweli. Badala yake akaanza kumwuguza mgonjwa asiyejua kwamba anauguzwa. Alfajiri ya siku ya pili aliamka wa kwanza, akachukua ndoo mbili, akaenda bombani. Foleni ya bombani ilikuwa ya wanawake watupu, na walipomwona waligeuka wote kwa pamoja.

"Shemeji, umepotea njia?" aliuliza mama wa nyumba ya kona.

Usicheke akasogea karibu, akashusha sauti. "Mwenzangu hayuko vizuri. Lakini msimwambie kwamba nimesema."

Wakamhurumia, wakampisha mbele. Ilipofika saa mbili mtaa mzima ulikuwa haujamwambia mke kwamba yeye ni mgonjwa.

Alipiga deki. Alifua mashati yake mwenyewe, kola mara mbili mbili. Alimkataza mkewe mafuta, akamletea mapapai. Ile dawa chungu aliinunua kimya kimya na kuitia kwenye chai.

"Chai hii mbona chungu?" mkewe aliuliza.

"Maji ya bomba yamebadilika," alisema, kwa uzoefu wa mtu aliyeteka maji siku tatu.

Na kila asubuhi, kabla ya kutoka, aliketi ukingoni mwa kitanda akauliza, "Umeamkaje?" Akasubiri jibu. Mkewe mwanzoni alisema "salama" na kumkazia macho, kama mtu anayekagua mshono wa fundi mwingine. Mume anayebadilika ghafla ana lake jambo. Hilo kila mwanamke wa foleni ya bombani angekueleza. Lakini yeye aliendelea kushona.

Baada ya wiki Usicheke alimwita tena studio, kwa kisingizio kwamba picha ya kwanza iliharibika. Alimwita saa tatu, saa ya mwanga wake mzuri. Siku hiyo mbingu haikuwa na wingu hata moja, na mkewe akatoka wa manjano kuliko mara ya kwanza. Nyuma ya picha ile, kwa kalamu, Usicheke aliandika neno moja: "Imezidi." Akaiweka na mwenzake kitabuni. Siku ile hakupiga picha ya mtu mwingine.

Katika hali hiyo ndipo binti akaja na karatasi kutoka shuleni. Mwalimu wa sayansi alitaka familia zifanye shughuli za mwanga nyumbani, Jumamosi tatu mfululizo, na chini ya karatasi aliandika: mzazi ashiriki, asiamrishe.

"Mwanga?" Usicheke alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akajisikia mtu. "Mwambie mwalimu wako umebahatika."

Jumamosi ya kwanza walitengeneza kamera ya boksi la viatu. Wakatoboa tundu dogo kwa sindano ya cherehani upande mmoja, upande wa pili wakabandika karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta, wakajifunika kanga na kulielekeza tundu uani. Kwenye karatasi ukatokea mti wa jirani, kamba ya nguo na mama mtu anaanua sare, vyote kichwa chini miguu juu.

"Umekosea kutoboa," Usicheke alisema.

"Ndivyo inavyotakiwa, baba. Mwanga unanyooka. Unaotoka juu unapita tunduni unaangukia chini, wa chini unaangukia juu."

"Mimi nimepiga watu picha miaka ishirini na miwili. Sijawahi kumpindua mtu."

"Hata kamera yako inawapindua. Halafu inawageuza yenyewe kabla hujaona. Nimesoma kwenye kitabu chake."

"Kitabu gani?"

"Cha juu ya kabati. Nilikichukua Jumatano iliyopita, tulipoambiwa tutasoma mwanga."

Usicheke alirudi chini ya kanga. Usiku alipapasa juu ya kabati. Kitabu kilikuwepo mahali pake na picha mbili zilikuwemo, akashusha pumzi, akajiambia kwamba mtoto husoma maandishi, hana haja na picha.

Jumamosi ya pili waliweka glasi ya maji juani, mwanga ukapita ndani yake na kujigawa rangi saba juu ya shuka. Usicheke aliitazama ile rangi ya manjano katikati ya wenzake, akasema kichwa kinamuuma, akaingia ndani.

Jumamosi ya tatu karatasi ilisema: weka kitu cheupe karibu na kitu cha rangi, juani, uandike unachokiona. Binti alileta sahani nyeupe na beseni jekundu. Akaisogeza sahani karibu na beseni, na upande mmoja wa sahani ukawa mwekundu kidogo, kama mtu aliyeona haya.

"Sasa tunatakiwa uso wa mtu wa familia," binti alisema. "Mama, njoo."

Mama alikuja na kazi yake mkononi, kitambaa cha manjano cha fulana za michezo za shule. Binti akamwambia akishike chini ya kidevu, jua likakipiga. Usicheke alikuwa ameketi kwenye ngazi akimenya papai. Aliinua macho, na kisu kikasimama.

Mkewe alikuwa wa manjano. Mashavu, paji, weupe wa macho. Ilikuwa ile ile ya picha.

"Kishushe," alisema.

Mkewe akashusha kitambaa. Uso ukarudi kuwa wake, wa udongo uliokolea, mzima.

"Kipandishe."

Manjano.

"Mwanga ukigonga kitu chenye rangi," binti alisoma kwenye karatasi kwa sauti ya darasani, "huondoka na rangi hiyo, ukaipeleka kwa kilicho jirani. Baba, unaandika au niandike mimi?"

Mama mtu alisema: "Hata sisi kwenye cherehani, uzi hatuufananishi na kitambaa karibu na ukuta wa rangi. Tunatoka nao nje. Mbona jambo la kawaida."

Baba alikuwa ameshainuka. Aliichukua sahani nyeupe na kutoka nayo getini, miguuni ana kandambili moja ya kwake na moja ya mkewe.

Studio aliiweka sahani juu ya stuli, hatua tatu kutoka mlangoni. Ilikuwa saa tatu na nusu. Akapiga picha. Kwenye kompyuta sahani ilitoka ya manjano, na hakuna sahani inayougua ini. Akachukua lile koti jeusi, akaziba nalo upande wa mlango unaotazama duka la dawa, akapiga tena. Sahani ikawa nyeupe. Hafifu, lakini nyeupe.

Akakaa chini sakafuni, na akalia kwa furaha bila aibu yoyote, mtu mzima na sahani mapajani. Mkewe ni mzima. Haumwi kitu. Atashona, atazeeka, atalalamika chumvi imekwisha. Furaha hiyo ilidumu muda wa kutosha mtu kunywa glasi ya maji. Kisha akawakumbuka wale wengine wote.

Alianza na fundi baiskeli, maana ndiye alikuwa wa kwanza. Akamkuta amepiga magoti akipima tairi kwenye karai la maji. Akamweleza yote: ukuta, jua, sahani, koti.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo unaniambia sikuumwa."

"Hukuumwa."

"Na uchovu ule?"

"Ulikuwa umechoka."

"Na dawa niliyoinywa, nikapona?"

"Hukupona. Ulikuja alasiri."

Fundi akacheka kwa huruma. "Mzee, una mawazo wewe. Nasikia una mgonjwa nyumbani. Nenda ukapumzike. Mimi najua nilivyokuwa."

Mwalimu wa hesabu hakuwepo. Mwenye duka la dawa alikuwepo, na alielewa haraka kuliko wote. Alivua miwani, akaifuta, akasema kwamba sayansi ni kitu kizuri sana, ila rangi ndiyo kwanza ina miezi miwili, na hata hivyo aliichagua nani? Usicheke akarudi studio, akabandua selotepu iliyokwisha kugeuka kahawia, na kwa mara ya kwanza akakifungua kitabu cha maelekezo kwenye simu, maana kile cha karatasi kilikuwa nyumbani. Ilimchukua mpaka saa kumi kuelewa ukurasa mmoja.

Jioni alirudi nyumbani akiwa amejipanga. Binti alikuwa kwa mwenzake wakinakili ripoti. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, mdomoni ana pini.

"Mke wangu," alisema. "Kuna jambo nilikuficha. Nilidhani unaumwa. Ini. Nilidhani... lakini huumwi. Wewe ni mzima."

Mkewe alitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye mto wake mdogo. "Najua," alisema.

"Unajua nini?"

Akavuta droo ya cherehani, akaweka mezani karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne. "Mwanao aliniletea zile picha. Ya pili umeandika 'Imezidi.' Nikasema, kumbe ndiyo maana. Kesho yake nikaenda kupima. Damu, mkojo, ini. Daktari akaniuliza nani kakwambia unaumwa. Nikamwambia, mpiga picha."

"Lini?"

"Alhamisi. Wiki mbili zimepita sasa."

Usicheke aliitazama karatasi. Kila mstari ulisema sawa, sawa, sawa. "Wiki mbili," alisema. "Wiki mbili nimekuwa silali. Nimekutilia dawa kwenye chai."

"Chai nilikuwa naimwaga."

"Mbona hukuniambia?"

Mkewe alikata uzi kwa meno, akaikunja fulana, akaiweka juu ya fulana nyingine.

"Nilikuwa nakuja kukuambia siku hiyo hiyo," alisema. "Nimefika mlangoni nikakuta umepiga deki. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ukakaa pale kitandani ukaniuliza nimeamkaje, ukasubiri nikujibu. Miaka kumi na minane, baba. Nikajiuliza, nikimwambia leo nimepona, keshokutwa ataniuliza nani?" Akainua macho. Hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza. "Kipindi naumwa nilikuwa na mume. Nikaona acha nikae kidogo na ugonjwa wangu."

Usicheke alikuwa na maneno mengi siku hiyo, ya ukuta na ya jua na ya sahani. Badala yake aliikunja karatasi ya hospitali mara nne, kama ilivyokuwa. Mkewe akakanyaga cherehani, ikaanza kulia, na mazungumzo yakaishia pale yalipoishia miaka yote.

Alfajiri aliamka kabla hakujapambazuka vizuri. Mkewe alikuwa amelala ubavu, ameugeukia ukuta, na pumzi zake zilikuwa za utaratibu mno, za mtu anayesikiliza. Usicheke alilala chali akitazama dari. Alijua kwamba anasikilizwa. Hakukuwa na mgonjwa nyumba ile tena. Hakukuwa na sababu yoyote ya mwanamume kunyanyuka na ndoo, na kitanda kilikuwa na joto. Alikaa hivyo kitambo, na siwezi kumsifu kwamba hakufikiria kujifunika tena.

Bombani foleni ilikuwa imeshapangwa. Wanawake wakampisha, kama walivyozoea.

"Shemeji," alisema mama wa nyumba ya kona, kwa ile sauti ya matangani, "mgonjwa anaendeleaje?"

"Mzima."

"Amepona?"

"Hakuwahi kuumwa. Nilikosea mimi."

Mmoja katika foleni akaacha kufunga kanga yake. Mama wa nyumba ya kona alimtazama Usicheke, akazitazama zile ndoo mbili, akamtazama tena.

"Sasa kama ni mzima, maji unateka wewe kwa nini?"

Usicheke hakuchukua ile nafasi ya mbele. Alirudi nyuma kabisa ya foleni, akaweka ndoo zake chini.

"Amelala," alisema.